Usimuuze Pacha kwa Sababu ya Umbo Dogo

Ndugu mfugaji, ukichagua dume la mbegu zizini unamchukua yupi? Wengi wetu tunamchukua aliye mkubwa kuliko wenzake. Nasema hapo ndipo tunapokosea. Mara nyingi mkubwa huyo alizaliwa peke yake, akanyonya maziwa yote mwenyewe. Pacha waliogawana maziwa wanaonekana wadogo, basi tunawapeleka mnadani. Kila mwaka tunauza uzao wa pacha na kubaki na uzao wa mmoja mmoja.

Wenzetu wa India walifanya kinyume. Kondoo aina ya Deccani wa jimbo la Maharashtra wana umbo kubwa kuliko Garole wa Bengal, lakini kwa kawaida huzaa mmoja. Garole ni wadogo sana, ila huzaa pacha kwa sababu wana kinasaba kiitwacho FecB, ambacho wanasayansi walikitambua mwaka 2001. Taasisi ya NARI mjini Phaltan iliwachanganya, kisha ikapima damu kuwajua wenye kinasaba hicho. Dume mwenye nakala mbili humrithisha kila mtoto nakala moja, na jike mwenye nakala moja huzaa pacha mara nyingi zaidi.

Lakini kwa jike, nakala mbili si faida mara mbili. Kati ya Merino wa Australia wenye kinasaba hichohicho, majike wa nakala mbili mara nyingi huzaa watatu au zaidi, na vifo vya watoto huongezeka. Mwanakondoo mfu hana bei.

Hapa kwetu usisubiri kipimo cha damu. Anza na daftari:

1. Andika kila jike alizaa wangapi na alikuza wangapi.
2. Dume la mbegu litoke kwa mama aliyekuza pacha wote wawili. Mlinganishe na pacha wenzake, si na aliyezaliwa peke yake.
3. Jike mwenye mimba aongezewe pumba na mashudu wiki sita za mwisho. Kila mtoto anyonye dang'a mapema.

Matokeo yatakuja polepole, maana bila kinasaba kikubwa kama FecB, uzazi wa pacha hurithiwa kidogo kidogo. Na kama huna chakula cha kiangazi, mmoja mwenye afya ni bora kuliko pacha dhaifu.

Nawe mfanyabiashara, ukiuziwa jike mdogo, uliza kwanza kama ni pacha. Huenda mfugaji mwingine akakulipa zaidi ya bucha.