Kompyuta au PlayStation? Jibu Nililompa Dada Yangu kwa Haraka



Wiki hii naomba ruhusa yenu niandike juu ya jambo ambalo wazee wangu wa kamati ya msikiti huliita "utoto wa katibu". Nimecheza michezo ya video tangu nikiwa na miaka kumi na moja. Sasa nimevuka thelathini na tano, nina mke na watoto wawili, na kompyuta yangu ya gemu ingali mezani, kando ya daftari la mihutasari ya vikao. Wazee wananitania, nami huwaachia wacheke. Lakini mwaka juzi utoto huo ulimgharimu dada yangu fedha, na kwa kuwa wazazi wengi huniuliza swali lile lile aliloniuliza yeye, nimeona bora nilijibu hapa kwa utulivu kuliko nilivyolijibu siku ile.

Dada yangu mkubwa anakaa Tanga. Alikuwa amepokea fedha zake za kikoba, akanipigia simu. Mwanawe wa miaka 14 alikuwa hakai nyumbani. Kila alasiri yupo kwenye kibanda cha PlayStation, analipia mechi moja moja, na anarejea baada ya Isha na madaftari ya shule hayajafunguliwa. "Mdogo wangu," akaniambia, "wewe ndiye unayeyajua mambo haya. Ninunue kitu gani ili mtoto akae ndani?" Nikamjibu pale pale, bila kumwuliza hata swali moja: kompyuta.

Nilikuwa na hoja zangu, na hoja hizo bado nazitetea. Kompyuta ni mali ya mwenyewe kwa namna ambayo mashine ya gemu haiwi. Ikizeeka, hubadilishi yote; unaongeza kumbukumbu, unaweka diski mpya, unanunua kadi ya picha yenye nguvu zaidi, na kasha ni lile lile. PlayStation 4 ilitoka mwaka 2013, PlayStation 5 ikafuata mwaka 2020, na anayetaka michezo mipya hana budi siku moja kuiacha mashine nzima na kununua nyingine. Kwenye kompyuta, kucheza na wenzako kwa njia ya intaneti hakutozwi ada ya kila mwezi, ilhali tangu PlayStation 4 michezo mingi ya kulipia haichezeki hivyo bila kulipa usajili. Michezo yenyewe hushushwa bei mara kwa mara katika duka la Steam, lililoanza mwaka 2003, na tangu mwaka 2015 duka hilo hurejesha fedha za mchezo uliochezwa chini ya saa mbili, mradi usizidi siku 14 tangu kuununua.

Kisha kuna jambo la umri wa michezo. Nilipokuwa chuoni tulikuwa na kompyuta chakavu katika chumba cha maktaba, na katika mmojawapo tulikuta Age of Empires II, mchezo wa mwaka 1999 ambao ndani yake mna vita vya Sultani Salahuddin. Sitasema ni saa ngapi za masomo ya nahau zilizopotelea humo. Ninachosema ni kwamba mchezo huo ulitengenezwa upya mwaka 2019, na hadi leo nauchezea kompyuta yangu. Lakini diski zangu za PlayStation 2 zimo ndani ya boksi la viatu. Mashine iliyozisoma ilikufa zamani, na mashine mpya hazizitambui.

Basi dada akanunua kompyuta ya mezani, iliyotumika, katika duka moja ambalo mwenyewe nililichagua kwa simu. Hapo likaanza somo.

La kwanza lilikuwa la kiufundi, nami ndiye niliyepaswa kulijua. Muuzaji alikuwa ameweka kadi ya picha nzuri juu ya kifaa dhaifu cha kugawa umeme. Mwezi wa pili mashine ikawa inazima yenyewe katikati ya mchezo, na mwezi wa tatu haikuwaka tena. Dada hakujua aanzie wapi. Fundi wa kwanza alitaka kubadilisha kila kitu. Nililazimika kupanda basi kutoka Dar es Salaam na kifaa kipya mkobani. Hapa lazima niseme ukweli kuhusu mashine ya gemu: imetengenezwa yote na mtu mmoja, kila kipande kinamjua mwenzake, na mchezo ulioandikwa kwa ajili yake utacheza bila kukuuliza una kadi gani. Mama asiye na ndugu anayejua kompyuta ananunua utulivu huo, na utulivu una thamani yake. Hata umeme ni rahisi kuukadiria: PlayStation 5 hula wati 200 hivi mchezo unapoendelea, maana yake saa tano ni uniti moja ya Luku. Kompyuta yenye kadi kubwa inaweza kula mara mbili ya hapo.

La pili lilinichoma zaidi. Nilipofika Tanga niliikuta kompyuta chumbani kwa kijana, mlango umerudishwa, kiti kimoja, vifaa vya kusikilizia masikioni. Kwa hakika alikuwa anakaa ndani. Dada alipata alichokiomba. Lakini wadogo zake wawili walikuwa hawaruhusiwi kugusa, na mama mtu alikuwa hajui mwanawe anacheza nini. Nikaketi kando yake. "Mjomba, hii ni ya magari tu," akaniambia. Ilikuwa Grand Theft Auto V, ambayo kwa upangaji wa umri unaotumika Ulaya imewekewa alama ya 18, na haikuwekewa alama hiyo kwa ajili ya magari.

Usiku ule sikulala mapema. Nilikumbuka PlayStation 2 ya nyumbani kwetu, ambayo marehemu baba aliinunua kwa mtu aliyekuwa akihama. Ilikaa sebuleni kwa sababu televisheni ilikuwa moja na ilikuwa sebuleni. Pedi zilikuwa mbili. Tulipokezana kwa mabao: anayefungwa anasimama. Dada yangu huyu huyu alikuwa hafungiki kwa Winning Eleven, na baba, ambaye hakuwahi kushika pedi maishani mwake, alikuwa mwamuzi wa ugomvi wetu, na ilipofika habari ya saa mbili alinyoosha mkono tu na mashine ikazimwa. Hakuna aliyepanga malezi hayo. Yalikuja na waya mfupi wa televisheni. Na mimi, kwa fahari ya kadi za picha, nilikuwa nimempa mwana wa dada yangu kitu ambacho sisi hatukupewa: chumba cha peke yake.

Kwa hiyo siku hizi mzazi akinijia baada ya swala na swali hili, mimi humwuliza kwanza: itakaa wapi, na nani wengine watacheza? Kama ni watoto watatu wa rika tofauti na televisheni moja, nasema mashine ya gemu, ingawa moyo wangu uko kwingine. Ukomo wa saa na wa umri wa michezo huwekwa humo na mzazi kwa nambari ya siri, na jambo hilo halihitaji fundi. Kama kuna kijana mmoja anayetaka kujua kitu kinafanyaje kazi ndani, anayefungua redio kwa bisibisi, huyo mnunulie kompyuta, na umtafutie mtu wa kumwongoza.

Ukichagua mashine ya gemu, nunua yenye tundu la diski. Wauzaji watakuonyesha ile isiyo na tundu kwa kuwa bei yake iko chini, lakini diski huazimwa, hubadilishwa kwa jirani, huuzwa ukichoka nayo. Mchezo wa kupakua hauuziki, nao unaweza kuzidi gigabaiti 100. Wanaonunua bando wanajua maana ya tarakimu hiyo. Mwaka 2013 Microsoft ilitaka kuwawekea wanunuzi wa Xbox One masharti juu ya diski zilizotumika, watu wakapiga kelele, ikarudi nyuma mwezi Juni mwaka huo huo kabla mashine haijatoka. Upande wa kompyuta diski zimekwishatoweka kabisa, na kukichukia kitu hiki hakunisaidii. Ubisoft ilipozima seva za mchezo wa The Crew mwezi Machi 2024, walioununua walibaki mikono mitupu, wa kompyuta na wa mashine za gemu sawasawa.

Kuna jambo moja ambalo mashine zote mbili hazitofautiani, nalo linatuhusu sisi zaidi ya wengine. Katika michezo ya mpira ya EA mna pakiti za wachezaji: unalipa fedha halisi bila kujua ndani utampata nani. Tume ya kamari ya Ubelgiji ilitamka mwaka 2018 kwamba masanduku ya namna hiyo ni kamari kwa sheria yao, na mwanzoni mwa 2019 EA ikaacha kuwauzia Wabelgiji sarafu za mchezo huo. Nchi isiyofuata sharia yetu imeliona. Usiiache kadi ya benki wala namba ya malipo ya simu ndani ya akaunti ya mtoto, iwe ya PlayStation au ya kompyuta.

Kesho yake asubuhi nilimwomba dada ruhusa, tukaihamisha ile kompyuta hadi sebuleni, tukaiunganisha na televisheni kwa waya wa HDMI, jambo ambalo lingewezekana tangu siku ya kwanza laiti ningefikiri. Nilinunua pedi mbili mjini. Gemu ya magari iliondolewa, na kijana alininunia hadi adhuhuri.

Baada ya chakula dada alikuja na khanga yake kiunoni, akaketi mkekani, akauliza kitufe cha kupiga shuti siku hizi ni kipi. Alimfunga mwanawe mabao matatu kwa moja. Wadogo walishangilia hadi jirani akaja kuuliza kuna nini.