Gauni la Picha Si Gauni la Harusi



Niseme lililo moyoni, atakayekasirika anisamehe. Mimi ni fundi hapa Karatu, na nimechoka kuonyeshwa simu. Mwezi uliopita bibi harusi mmoja kutoka Unguja, anayeolewa na kijana wa huku, alinitumia picha ya mchoro: mwanamke wa Kizungu, gauni zito la hariri, nakshi nyeusi, komamanga la dhahabu kifuani, mtoto wake pembeni. "Nishonee hili hili, dada. Tutapigia picha Ngorongoro, juu ya kreta."

Mchoro naujua. Ni Eleonora wa Toledo, mke wa mtawala wa Florence kule Italia. Alichorwa na Bronzino kwa rangi za mafuta mnamo 1545, na picha ile ilikuwa tangazo la utajiri wa mumewe. Nzuri, mashaallah, na komamanga limetajwa hata katika Surat Rahman. Lakini Eleonora alifariki 1562 kwa malaria, ugonjwa wetu huu huu, ana miaka 40. Watu wakaamini kazikwa na gauni lile. Kaburi lilipofunguliwa 1857 hawakulikuta. Alivikwa la satini, tena la kawaida zaidi. Wapo wataalamu wanaosema lile la mchoroni huenda halikushonwa kabisa: mchoraji alipewa kipande cha kitambaa, mengine akamalizia kwa brashi.

Kwa brashi! Brashi haijui mshono wa kwapa. Mwanamke wa mchoroni haketi mkekani kula biriani na mawifi, hainuki kutawadha, hashuki kwenye gari lenye vumbi jekundu. Ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,000 juu, asubuhi ni ukungu na baridi ya kutetemesha. Na mabega yale yamefunikwa kwa wavu wa dhahabu na lulu. Wavu ni matundu, jamani. Matundu si stara.

Kilichoniuma zaidi, alitaka mahari yake yote iingie kwenye kitambaa, na mama mtu anamuunga mkono! Mahari ni haki yako wewe, si ya mpiga picha. Na nyie mafundi wenzangu mnaoitikia "inawezekana" ili mchukue advansi, mnajijua.

Nimemkatalia. Nimemwambia nitamshonea satini ya mikono mirefu, bitana nzito, na komamanga moja la uzi wa dhahabu kwenye pindo la mkono, basi. Hajajibu bado. Vipimo vyake viko kwenye daftari langu.