Kompyuta ya Dagahaley Ianze kwa Umeme

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Na fundi wa chombo haanzi na rangi wala tanga. Huanza na mkuku, tena baada ya kuuliza chombo kitakwenda bahari gani. Leo, ndugu msomaji, nautumia msemo huo kwa kompyuta ya mezani, na bahari yake ni mchanga wa Dagahaley.

Dagahaley ni mojawapo ya kambi za Dadaab, katika Kaunti ya Garissa. Ilifunguliwa mwaka 1992, vita vya Somalia vilipowatoa watu makwao. Wako vijana waliozaliwa hapo na kusomea hapo, na sasa wataka kujiundia kompyuta ya masomo na ya kazi. Wakiuliza waanzie wapi, huambiwa watafute prosesa yenye mbio kuliko zote. Mimi nasema sivyo. Na waanze kwa umeme.

Umeme wa jenereta hupanda na kushuka, na wa sola una kiasi chake. Basi kipuri cha kwanza kugharimiwa ni kigawa umeme, yaani lile sanduku dogo linalolisha vipuri vyote. Wengi hukinunua mwisho, kwa senti zilizobaki. Rahisi huvunja upishi! Kigawa umeme duni kikiungua chaweza kuondoka na bodi kuu, rami na diski pamoja. Kisha prosesa iwe ya wati 65 au chini, yenye uwezo wa picha ndani yake. Kadi ya picha ya michezo peke yake yaweza kula wati 200 na zaidi, na kijana wa kuandika barua na kufuata masomo haihitaji.

La pili ni joto. Feni haitengenezi baridi. Husogeza hewa tu. Hewa ya chumbani ikifika nyuzi 40, hakuna feni itakayoipoza prosesa chini ya hapo. Kwa hivyo kasha liwe pana, na mbele yake pawe na chujio la vumbi la kutoa na kuosha. Diski nayo iwe SSD, isiyo na kitu kinachozunguka ndani, maana itasafiri kwa gari katika barabara ya makorongo kabla ya kuwashwa.

La tatu ndilo zito. Mkimbizi haondoki kambini bila kibali cha safari. Mtu wa Nairobi akikosea kipuri, kesho hurudi dukani kubadilisha. Wa Dagahaley akikosea, kosa hukaa naye. Prosesa ya soketi ya AM5 haiingii katika bodi ya AM4, na rami za DDR5 haziingii penye DDR4. Hayo yasomwe kabla ya fedha kutoka mfukoni. Tena vipuri viwe vya vipimo vya kawaida. Kompyuta nyingi kuukuu za maofisini zina kigawa umeme cha umbo la kiwanda chake peke yake. Kikifa hicho, mashine nzima hugeuka kabati, ingawa kila kitu kingine ndani yake ni kizima.

Wapo watakaosema, kambini mtu achague nini? Na apokee alichopewa, ashukuru. Shukrani ni wajibu, sikatai. Walakini mwenye njia ndefu ya kurudi dukani ndiye apasaye kuchagua zaidi ya wote. Kumpa mashine asiyoweza kuitengeneza ni kumpa faraja ya muda, kisha taka ya kutupa.

Chuoni hatukuanza na sura. Tulianza na alifu kwa kijiti, herufi moja moja, hata ikawa ukikosea mahali wajua umekosea wapi. Kijana aliyechagua kila kipuri kwa sababu anayoijua, mashine yake ikizimika atajua pa kushika. Basi wanaotaka kuwasaidia vijana wa Dagahaley wasitangulize makasha yaliyokwisha fungwa. Wawaulize kwanza: umeme wenu ni wa namna gani, na chumba chenu kina joto kiasi gani? Majibu wanayo wao.