Tukigawa Ardhi, Tugawe na Maji

Tangu Kenya ilipojipatia uhuru mwaka 1963, mengi ya mashamba makubwa ya mifugo yaliyokuwa ya walowezi katika Laikipia yamenunuliwa na wananchi kwa ushirika, yakakatwa viwanja. Jambo hilo twalisifu. Lakini twauliza: maji ya mto yamegawanywa na nani? Palipokuwa na mfereji wa mlowezi mmoja, leo pana mabomba ya wakulima wengi. Wa juu anywesha kabichi zake. Mfugaji wa chini, Samburu na Isiolo, wakati wa kiangazi akuta Ewaso Ng'iro ni mchanga mtupu. Hapo ndipo ugomvi huzaliwa.

Sheria ya Maji ya mwaka 2016 yasema wazi kwamba maji ni amana ya wananchi mikononi mwa serikali, na atakaye kumwagilia kwa mfereji hana budi kupata kibali. Basi hati ya shamba si hati ya mto. Twashauri shamba likigawanywa, fungu la maji la kila kiwanja liandikwe kabla ya mnunuzi kutoa fedha, na walio chini ya mto wasikilizwe kwanza. Ukipewa shibiri, usichukue pima.