UGONJWA HAUNGOJI MWISHO WA MWEZI



Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA imechukua mahali pa NHIF, mfuko wa bima ya hospitali ulioanzishwa mwaka 1966. Watu wengi wa Nyeri, Karatina na Nanyuki wanauliza: tumepata au tumepoteza? Basi na tupige hesabu.

Mwenye mshahara wa Sh. 20,000 alikuwa akikatwa Sh. 750 kwa mwezi. Sasa hukatwa asilimia 2.75, yaani Sh. 550. Huyo amepata nafuu, na hatuna budi kusema kweli. Lakini kibarua achumaye majani ya chai Othaya, au abebaye mizigo sokoni Karatina, hana mshahara wa kukatwa. Yeye hupimwa hali ya nyumba yake, na kiasi cha chini kabisa ni Sh. 300 kwa mwezi. Mpango ulianza kwa kumtaka alipe ya mwaka mzima mara moja, ndiyo Sh. 3,600. Mtu alipwaye kwa siku atazitoa wapi? Akijiandikisha, zahanati itamtibu bure; lakini akipelekwa hospitali kubwa hali hajalipa, deni ni lake.

Sisi wa Nyeri twajua jambo hili. Desemba 2018 kaunti yetu ilichaguliwa pamoja na Kisumu, Machakos na Isiolo kujaribu matibabu bila malipo katika hospitali za Serikali. Tulichaguliwa kwa sababu ya wingi wa magonjwa yasiyoambukiza, hasa kisukari. Jaribio likaisha. Kisukari hakikuisha. Ugonjwa huo wataka dawa kila siku. Mtu akizikosa, huharibu macho, figo na miguu. Aliyekatwa mguu hupoteza kazi, na watoto wake hutoka shuleni. Ndivyo umaskini uletavyo ugonjwa, na ugonjwa ukazaa umaskini.

Mwaka 2002 nchi ya Thailand ilitunga sheria ya kuwatibu kwa fedha za kodi wale wasio na bima nyingine, wakulima na vibarua wakiwamo. Haikungoja kwanza kila mtu awe na mali. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba haiwezekani.

Mambo matatu yatupasa. Kwanza, kila mwanachama ajiandikishe pamoja na jamaa yake yote. Pili, wajumbe wetu wamwulize tajiri wa kazi kama fedha tulizokatwa zimefika kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Tatu, chama kidai kwamba asiyeweza kulipa alipiwe na Serikali, na ahadi hiyo ionekane hospitalini, isibaki katika hotuba.

Wengine watasema kibarua si mwanachama wetu. Ndugu, ni wangapi kati yetu tulioanza kazi kwa mshahara wa mwezi? Mwenye shauri na alilete kwa mjumbe wake.