Nani Atamzika Aliyekosa?



Wapendwa, wapo miongoni mwetu wanaoziona hadithi za Wagiriki wa kale kuwa mambo ya kipagani yasiyomfaa Mkristo. Wapo pia wanaodhani kwamba waandishi wa leo wanaozitunga upya wameishiwa na mawazo. Sisi hatukubaliani na upande wowote, na tunayo sababu.

Yapata mwaka 441 kabla ya Kristo, Sophocles aliandika tanzia ya Antigone. Ndugu wawili wanauana wakiugombea mji wa Thebes. Mfalme Creon, mjomba wao, anaamuru mmoja azikwe kwa heshima, na yule aliyeleta jeshi la kigeni aachwe aliwe na ndege na mbwa. Antigone, dada yao, anamfunika kwa udongo, naye anahukumiwa kufa.

Mwaka 2017 Kamila Shamsie, mzaliwa wa Karachi, aliihamishia hadithi hiyo Uingereza katika riwaya yake Home Fire. Parvaiz, kijana wa London, anashawishiwa kujiunga na Dola ya Kiislamu huko Syria. Baadaye anajuta, anatoroka, na anauawa Istanbul akitafuta njia ya kurudi kwao. Waziri wa Mambo ya Ndani, ambaye naye ametoka katika familia ya Kiislamu, anakataza maiti isirudishwe Uingereza. Aneeka, pacha wake, anasafiri hadi Karachi kukaa na maiti ya nduguye mbele ya macho ya ulimwengu.

Tazameni kilichobadilika. Creon alimnyima marehemu kaburi; waziri anamnyima kwao. Swali la kale lilikuwa: je, aliyekosa astahili kuzikwa? La sasa ni hili: je, aliyekosa bado ni wetu? Swali hilo la pili lilikuwa limefichika ndani ya lile la kwanza, na mwandishi amelitoa nje. Hiyo ndiyo faida ya kutunga upya.

Tena hakumtakasa kijana huyo. Angemfanya asiye na hatia, tungemlilia kwa urahisi na kitabu kisingetudai lolote. Wala waziri si zimwi: anao raia wa kuwalinda, kama Creon alivyokuwa na mji uliotoka vitani. Serikali inayo haki ya kuwahukumu walio hai. Lakini maiti haimpigi mtu vita. Anayeadhibiwa ni dada aliyebaki.

Nasi tunaye Tobiti, aliyewazika watu waliouawa na mfalme Senakeribu, akapoteza mali yake yote. Kuzika wafu ni mojawapo ya matendo ya huruma, na halikuwekewa sharti kwamba marehemu awe alikuwa mwema. Hata pale sheria ya Kanisa inapozuia ibada rasmi ya mazishi, haituzuii kumwombea aliyekufa.

Basi, minong'ono inapoanza msibani kwamba fulani hakustahili kusindikizwa, tujiulize tumesimama upande wa nani: Creon au Antigone?

Mungu awabariki.