YouTube haitakufunza hii

Mnanijua. Mimi ndiye yule msee aliyetoka kampo mwaka wa pili na bado anaringa. Kamera, kuhariri video, mambo ya sauti, yote nimejifunza kwa simu nikiwa kitandani. Kwa hivyo nikisema kuna kitu YouTube haiwezi kukufunza, jueni nimesukumwa ukutani.

Desemba tulikuwa ushago, Samburu, mbali kabisa na Maralal. Binamu yangu alikuwa anacheza boli kwa uwanja wa vumbi, akachomoka mbio, pap! Akageuka kuangalia nani amempiga teke kisiginoni. Hakuna mtu. Zahanati wakampa dawa ya maumivu na bandeji, enda mjini upigwe eksirei. Mbuzi akauzwa, gari likakodishwa. Eksirei ikatoka safi. Akaambiwa ameteguka tu, atapona. Wiki sita baadaye bado hawezi kusimama kwa vidole. Kano ya kisigino ilikatika siku ile ile.

Eksirei ni ya mifupa, kano inaipita. Altrasaundi inaiona, na siku hizi kuna zile ndogo za mkononi, unachomeka kwa simu. Hata mfupa inauonyesha juu juu: mstari mweupe, chini yake giza. Mstari ukikatika au ukiruka kama ngazi, hapo pamevunjika. Haitaki chumba maalum, inabebwa kwa nduthi. Mwaka wa 2004 wanaanga Mike Fincke na Gennady Padalka walipima bega kwa altrasaundi wakiwa kule juu angani, mtaalamu akiwaelekeza kutoka duniani. Na hakuna daktari kati yao.

Hapa sasa ndipo mtaniambia: si serikali inunue, isambaze kila zahanati, AI isome picha?

Zii. Mawimbi yakigonga kano wima, inang'aa. Inamisha kifaa kidogo tu, kano ile ile inakuwa nyeusi, na nyeusi ndiyo sura ya kano iliyoraruka. Yaani mkono wako ukilala vibaya, unamkata mtu mzima kwa skrini. Mtoto naye, mifupa yake ina sehemu za kukua ambazo ukiziona mara ya kwanza utaapa ni ufa. Ndio maana unalinganisha na mguu ule mwingine kila mara.

Hiyo inaingia kwa mikono. Mnapakana jeli, unatafuta kano nzima ya mwenzako mara ishirini, mtu anayejua amesimama nyuma yako anakurekebisha kiganja. Halafu ukirudi zahanati yako unamtumia picha, akuambie umekosea wapi, kama wale wa angani. Mwaka wa 2022 mamia ya wakunga hapa Kenya walipewa hivi vifaa na wakafundishwa kuvitumia kwa wajawazito, so isiambiwe mtu haiwezekani. Waliovunjika na kuraruka ndio tumewasahau, na hii nchi vile ina nduthi!

Niliwahi kulipwa kurekodi hafla ya kukabidhi mashine fulani ya hospitali. Utepe, hotuba, samosa. Mafunzo? Mtu mmoja alishika, wengine kama thelathini wakatazama, kila mtu akaenda na cheti. Video yangu ilitoka kali sana. Hiyo doo nilikula, sitajifanya.

Na sisemi altrasaundi inamaliza kila kitu. Haipenyi ndani ya mfupa, kuna watu bado wataenda mjini. Sawa, lakini mbuzi auzwe kwa sababu inayoeleweka.

Kilichoniuma zaidi nilikijua juzi, kutoka kwa rafiki aliye KMTC. Alinilaza kifudifudi kwa kochi, miguu ikining'inia nje, akaminya shavu la mguu. Wayo wangu ukasonga wenyewe. Kano ikiwa imekatika, akaniambia, mara nyingi wayo unatulia tu. Haina chaji, haina jeli, ni sekunde kumi. Binamu yangu alipitia mikono ya wahudumu watatu. Nilimpigia simu nikamuuliza. Hakuna aliyeminya.